Mruko wa Katikati

Sellah Nyaberi alikuwa na mguu wa kulia ambao wachuna chai wote wa Kericho wangeuonea wivu, naye aliuamini kupita kiasi. Alikuwa kibarua wa kuchuna chai, huu mwaka wa pili. Mwaka huo wa 1994 wanawake waliruhusiwa kushindana katika mruko wa hatua tatu kwenye michezo ya mashamba, na meneja akaahidi kwamba atakayeshinda mchujo ataandikwa kazi ya kudumu.

Mruko huo una sheria yake. Unaruka na kutua kwa mguu uleule, unaruka tena na kutua kwa mguu wa pili, ndipo unajirusha mchangani. Sellah kila akifika hapo katikati alitua kwa kulia tena, na bendera nyekundu ya kosa ikainuliwa. Johana, karani aliyejifanya kocha, alikuwa na dawa moja tu.

"Kamba hukatikia pembamba, Nyaberi. Hapo katikati weka nguvu."

Basi akaweka nguvu, na nguvu zake zote zilikaa kulia.

Jumapili moja kabla ya mchujo, baada ya kanisa, aliketi na jirani yake Tecla mbele ya televisheni ya ukumbi wa kambi ya wafanyakazi. Msichana mzungu alikuwa akiteleza juu ya barafu. Akaruka, akazunguka hewani, akatua, akaruka tena, na watu wakapiga makofi. Kisha wakaurudia mruko wake polepole.

"Umeona hiyo ya kuruka kidogo?" Sellah akauliza.

"Gani? Mimi nimeona mbili tu."

"Iko ingine katikati. Amebadilisha mguu tu, basi."

Sellah alijionea aibu, halafu akamkasirikia Johana. Miezi miwili alikuwa akiupigania mruko wa katikati, ambao kazi yake ni kuupokeza mguu wa pili zamu tu.

Siku ya mchujo aliruka wa kwanza kwa nguvu, wa katikati akautoa mdogo na mtulivu, akatua kwa kushoto, na huo mguu uliosahaulika ukamrusha mbali mchangani. Bendera nyeupe ikainuliwa. Akamshinda aliyemfuata kwa futi nzima.

"Si nilikuambia nguvu?" Johana akasema, bila haya. "Kesho lete kitambulisho ofisi, uandikwe."

Sellah akafungua fundo la leso yake, akamnyooshea kadi iliyochakaa pembeni. Alikuwa analia na hakujificha.

"Iko hapa. Nimetembea nayo miaka mbili. Hakuna mtu ameniuliza."