Hafla ya Kupokea Protini

Kwa miaka ishirini na sita Awadh Bassam alitunza stoo ya maabara ndogo nyuma ya mtaa wa Kibokoni, na hakuna asubuhi aliyoingia bila kupiga hodi. Hubisha mara tatu, akasubiri, ndipo akatia ufunguo. Wakimcheka kwamba mle hamna mtu, mna friza na vijidudu tu, huwajibu: "Wamo. Adabu ya kuitika ndiyo hawana."

Amtulla, mtaalamu wa maabara, alimwita ami ingawa hawakuwa na udugu. Ndiye aliyemweleza habari za ile protini. Mwili wa mtu huitia kwenye machozi na mate ili iue vijidudu; huko ng'ambo wataalamu wamenakili maagizo yake na kuyapandikiza kwenye hamira, hamira ikafanya kazi ya jicho.

"Hamira hii ya mahamri?"

"Ukoo ule ule, ami."

Awadh akasoma karatasi ya maelezo: kwa utafiti wa maabara tu, si ya kutumiwa na binadamu. "Makubwa! Protini ya binadamu, na binadamu mwenyewe kakatazwa."

Amtulla aliingoja chupa ya protini hiyo miezi saba, aijaribu juu ya vijidudu vya vidonda vya wagonjwa wa mtaa wa Majengo, vilivyokwisha kuzizoea dawa zote. Ikipata joto imeharibika, na nyingine haitaagizwa.

Sanduku lilifika Alhamisi, barafu kavu ndani yake ikifuka moshi. Mkurugenzi, Daktari Khubaib, alikuwa ameshafunga hema uani, ameagiza halwa na kahawa chungu. Sanduku likawekwa mezani, likafunikwa kitambaa cha kijani kama bi harusi anayengoja kuonyeshwa.

"Daktari, chupa iingie friza kwanza," Amtulla alisihi.

"Mgeni rasmi aje akute limefunguliwa? Watu watatuonaje? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji atapona," Awadh alinong'ona, "chupa ndiyo itakayozikwa."

Mgeni rasmi, Mheshimiwa, aliahidi kufika saa nne. Saa saba halwa ilikuwa imepungua na moshi wa sanduku umekatika. Amtulla alikaa kitako, mikono mapajani, kama mtu aliye matangani. Awadh alimtazama mara moja tu, akalibeba sanduku, akisema kwamba lina vumbi, haifai mgeni kuliona vile. Alipofika mlango wa stoo akapiga hodi, akasubiri, akaingia. Alilirudisha likiwa safi, limefunikwa vilevile.

Mheshimiwa alitokea saa tisa. Alihutubu saa nzima, kisha akataka kuiona. Daktari akafungua, akatoa kichupa. Kabla ya mtu kumzuia, Mheshimiwa alikwisha kukizibua na kukipeleka puani.

"Masha'Allah! Sayansi yetu yanukia!"

Hema zima likapiga makofi. Wa mstari wa mbele wakapitishiwa, wakajipaka viganjani na ndevuni, wakapigwa picha. Daktari alitabasamu mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka. Alijua vyema kwamba protini hainuki udi, na aliijua itri ile: ndiyo iliyokaa kichupani mfukoni mwa Awadh siku zote.

"Umenifedhehi, Awadh."

"Nani kafedheheka, Daktari? Wote wamekwenda kwao wakinukia."

Ijumaa akapewa barua: kazi imekoma, kwa kosa la kuvuruga itifaki. Ripoti ya hafla ilisema protini ilipokewa vizuri sana na wananchi.

Jumatatu alikuja kurejesha funguo. Amtulla alimwonyesha kisahani: vijidudu vimetanda kote, ila pale lilipoanguka tone la protini palikuwa duara safi, kama sakafu iliyofagiliwa. Awadh akaliangalia, akaziweka funguo kando yake.

"Ami, nikaseme na Daktari akurudishe kazini?"

Awadh akaelekea mlangoni. Hawakuonana tena baada ya siku ile. Mwezi wa Rajabu Awadh alizikwa, na Daktari akasoma risala. Lakini Jumatatu ile Awadh alikwisha kutoka, akarudi hatua moja, akaingiza kichwa mlangoni.

"Mlango wa friza haushiki, mwanangu. Usukume kwa goti mpaka usikie umelia."