Ukuta wa Rangi ya Papai

Shule niliiacha mapema na sijawahi kuijutia. Nyumba nyingi hapa Quionga mpaka kule Palma nimezipaka mimi, na rangi zake nimezichanganya kwa jicho, hakuna aliyenifundisha. Kwa hiyo mjukuu wangu wa kike aliporudi kutoka mji wa Pemba, hukuhuku Msumbiji, na kozi yake ya elektróniki, akasema anataka chumba chake cha harusi kipakwe rangi ya papai lililoiva, nilimjibu, "Lete papai nilione."

"Sina papai, mchumba," akasema. Ndivyo tunavyoitana kwa utani, babu na mjukuu. "Nina taa."

Alikuwa amezungusha juu ya ukuta, chini kidogo ya dari, mkanda wa vijitaa vidogo kama punje za mahindi. Waya zake zilishuka kwenye kibao cha kijani anachokiita placa. Kila punje ina taa tatu ndani: nyekundu, kijani na buluu. Akafunga dirisha, akawasha nyekundu na kijani pamoja, ukuta ukawa njano.

Nikamwambia hapana. Nyekundu na kijani hutoa tope. Nimechanganya rangi maisha yangu yote, hutoa tope.

"Kwenye ndoo, babu. Kwenye mwanga ni mambo mengine."

Nikalamba kidole, nikausugua ukuta. Njano haikutoka.

Basi nikamuuliza nyekundu hafifu anaipataje bila kutia nyeupe. Akasema taa haipunguzwi, inawashwa na kuzimwa. Akaifanya polepole, nikaiona inakonyeza. Akaongeza kasi mpaka ikatulia, ila hafifu.

"Bado inakonyeza, jicho lako ndilo halifikii. Ikiwaka nusu ya muda na kuzimwa nusu, wewe unaona nusu ya mwanga."

"Kwa hiyo nusu ya muda umenikalisha gizani?"

"Ndiyo."

"Wala hukuniomba ruhusa."

"Samahani, mchumba."

Akaiacha nyekundu iwake karibu muda wote, kijani chini ya nusu, buluu kidogo tu. Ikaja papai hasa, papai la kutafutia kijiko. "Nataka ukuta uwe hivi," akasema.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa mlangoni na kikapu cha nazi. Mwanamke huyo hajawahi kupita mahali mdomo umefungwa. "Hiyo huipati, shemeji. Macho yenyewe hayo ya kuazima."

"Nikikosa," nikasema, "nikalishe kwenye mbuzi nikune nazi."

"Za harusi nzima?"

"Nzima!"

Wanawake uani wakapiga vigelegele kabla hata sijanunua rangi. Mwanamume wa umri wangu kukalia kibao cha mbuzi mbele za wakwe, makalio yamening'inia! Lakini neno lilishatoka.

Asubuhi nikaingia na kopo langu la nyeupe na vichupa vya rangi kali vya kuchanganyia. Kazi yangu ina sheria moja: rangi huchanganywa palepale utakapoipaka, kwa mwanga uleule. Ukichanganyia uani utaumbuka chumbani. Sheria hiyo haijaniangusha hata siku moja. Nikafunga dirisha, nikawasha taa ya papai, nikafungua kopo.

Rangi ilikuwa papai.

Sijatia kitu! Nikajipaka kidogo mkononi: papai. Nikapaka kwenye kifuniko: papai. Nikasema yule mwenye duka amenipa kopo lililokwisha changanywa, na aliyelichanganya anaijua kazi. Mimi si mtu wa kuharibu kitu kilicho sawa. Nikapaka ukuta wote, nikapiga mkono wa pili, nikamwita shemeji.

Akaingia, akaangalia kona zote nne. "Mh," akasema. "Papai kweli." Nilimwona anameza mate ya uchungu. Siku tamu kama hiyo sikuipata hata nilipooa.

Kisha akasema kuna joto, akafungua dirisha.

"Yallah! Umempaka mtoto sanda!"

Nyeupe. Ukuta wote, nyeupe pe. Nikafunga dirisha: papai. Akafungua: sanda. Nikafunga. Akafungua. Wanawake wakaanza kuingia mmojammoja kulijaribu dirisha wenyewe, na kila mmoja akitoka anasema, "Hebu kaone." Bawaba ililegea.

Bibi harusi mwenyewe, mjukuu wangu, akaletwa kutoka nyumba ya jirani, mikono ameitanua mbele, hina bado mbichi. Aliufahamu mchezo mara moja. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaagiza dirisha lifungwe na, kwa kuwa vidole vyenye hina havigusi kitu, akabonyeza kitufe cha placa kwa kidole gumba cha mguu. Ukuta ukawa buluu. Akabonyeza tena, ukawa kijani, ukawa komamanga.

"Uacheni hivihivi," akasema. "Ungekuwa papai kweli usingepokea hizi zote. Nyeupe inapokea kila mwanga. Sikuliwaza hili."

"Mimi niliwaza," nikasema.

"Hukuwaza chochote, shemeji! Amekosa! Panda mbuzi!"

"Tulia, bibi," mjukuu akamwambia. "Dirisha likifunguliwa amekosa, likifungwa amepatia. Amepatia nusu ya muda. Akune nusu ya nazi."

Hukumu hiyo haikumfurahisha mtu, ndiyo maana tuliikubali. Nikabeba mbuzi na nazi zangu, nikaingia mle chumbani, nikafunga dirisha asinione mtu. Nikawa nakuna, napumzika, nakuna, napumzika, upesiupesi kama ile taa inavyokonyeza, na aliyekuwa nje alisikia mzee anakuna tu.

Shemeji hakuniamini. Nazi iliyokunwa na mwanamume lazima iwe na vipande vya kifuu, akasema. Akaingia kukagua sinia, akaona lundo la papai. Akainama, akachambua kwa kidole, hakuona kitu chochote kwa mwanga ule. Akalibeba sinia mpaka uani, juani, wanawake wote wakimfuata.

Nilimsubiri mlangoni.

"Nyeupe," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. Hata chembe moja ya kifuu haikuwemo.

"Nilikwambia najua kupata rangi."