Mama Mkwe Alipopandishwa Ndege

Miaka ile ya hamsini, uwanja wa ndege wa mgodi, upande wetu wa Geita, ulikuwa nyasi zilizofyekwa tu, na njia yetu ya kisimani ilipita katikati yake. Ndege ikikaribia, mlinzi alipiga debe ili watu watoke na mifugo yao. Siku ile tulitoka wote. Ndama wa mama mkwe wangu akarudi uwanjani, naye akamfuata.

"Mayu!" nilimwita, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Kwa ule mngurumo hakunisikia. Gurudumu la ndege iliyokuwa ikitua lilimpiga mguuni akaanguka.

Rubani, kijana wa Kizungu, alishuka mbio. Alivua shati lake akaufunga ule mguu, kisha tukamwinua Mayu na kumweka kwenye kiti.

"Mimi peleka Nairobi," alisema. "Hospitali kubwa."

Mlinzi alimwambia kwamba Mwanza ni karibu zaidi. Rubani akatikisa kichwa.

"Basi na mimi niende," nikasema. "Huyu mama hajui Kiswahili. Huko nani atamsemea?"

"Nafasi moja tu."

Mayu alikuwa ameshika upindo wa kanga yangu. Aliniuliza kwa Kisukuma, "Wananipeleka wapi?"

"Hospitali, Mayu."

"Na wewe unakuja?"

Rubani aliutoa mkono wa Mayu taratibu kwenye kanga yangu, akafunga mlango. Nilimwona Mayu kupitia kioo, midomo yake ikisema kitu. Wakaondoka.

Mume wangu alipotoka shimoni jioni nilimweleza. Hakunigombeza. Alikwenda ofisini mgodini kumwona karani, akaambiwa asubiri, habari zitakuja. Kesho yake akaenda tena, akaambiwa vilevile. Nauli ya Nairobi hatukuwa nayo, na hata tungeipata, tungemtafuta wapi katika mji tusioujua?

Kila ndege iliyotua niliikimbilia. Zilishusha vipuri, barua, mara moja mbwa wa bwana mkubwa. Marubani walikuwa wengine, na nilipowauliza waliinua mabega. Mlinzi alinihurumia, lakini naye hakuwa na la kufanya.

Mvua zikanyesha, tukapanda, tukapalilia. Mume wangu alianza kumtaja mama yake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa.

Mayu alirudi kwa lori la mizigo, katikati ya magunia. Dereva alimbeba mgongoni mpaka mlangoni. Mguu mmoja haukuwepo.

Siku moja, tukimenya karanga, akaanza mwenyewe kunisimulia ya hospitalini.

"Alikuja daktari akaniuliza jambo. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza tena, nikaitikia tena. Nilidhani ananiuliza kama naumwa."

Niliacha kumenya.

"Nilipoamka mguu haukuwepo," akasema. "Nililia, muuguzi akaniletea chai."

Akaniangalia.

"Wameuzika wapi?"

"Nini, Mayu?"

"Mguu wangu. Mwambie mume wako akawaulize."

Mume wangu alikwenda kwa karani. Karani akasema mambo hayo wanayajua wa hospitalini, yeye kazi yake ni vipuri na barua. Mume wangu alirudi, akakaa kizingitini, akatafuta namna ya kumweleza mama yake. Mayu, aliyekuwa amelala mkekani, akaomba tumgeuze upande wa pili, maana mgongo ulikuwa unamuuma.