Nafundisha wanachuo kutengeneza app za afya hapa Moro: kilichonikuta na kipengele cha "namba ya mjomba"

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Kama kuna mwanafunzi wangu humu asome kimya kimya, maana leo hata mimi sijisazi.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Morogoro. Enzi hizi za soko huria, kila mtu anaambiwa ajiajiri, na sisi tukaletewa somo la ujasiriamali wa afya kidijitali. Yaani mwanafunzi atengeneze app ya afya, watu waitumie kweli, halafu imlishe.

Jamani, hawa watoto watanitoa roho.

Wiki ya kwanza kila group lina logo, lina CEO, halina mgonjwa hata mmoja. Brian, kiongozi wa group la app ya wajawazito, alikuja kupresent na suti, "innovation" kila sentensi. Nikamuuliza ameongea na wajawazito wangapi. Akasema hao wapo phase two.

Nikawafukuza darasa zima wapande milimani, juu ya Mlali, kwenye zahanati moja. Wakarudi na fomu zimejazwa vizuri mno, zote mwandiko mmoja. Kumbe waliishia Mlali senta, wakajijazia wenyewe huku wanakula chipsi. Nilifoka mpaka sauti ikakauka.

Aliyepanda kweli ni mmoja tu, Mwanaidi, binti wa Kiluguru, mpole, anakaa nyuma kabisa. Kwenye fomu ya kusajili wajawazito akaongeza kipengele: namba ya mjomba wa mjamzito.

Sasa mimi, na hasira zangu za wale wengine, nikaona naye analeta mambo ya ukoo kwenye kazi ya afya. Nikakikata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Mume anatosha." Hakubisha. Akasema sawa mwalimu, akaenda kukaa.

Nesi wa zahanati akakubali tuijaribu hiyo app. Akina mama wengi kule hawana simu, hivyo siku ya kliniki ikikaribia meseji inakwenda kwa mume.

Mwezi haukuisha, nesi akanipigia. Mama mmoja mwenye presha, aliyepangiwa kliniki ya kila wiki, amekosa mara mbili, na asubuhi hiyo amepata kifafa cha mimba. Wamembeba kwa machela mpaka barabarani, yuko njiani kwenda hospitali mjini.

Nikaacha kipindi, nikawahi hospitali, wakuu.

Meseji zetu zilifika, tena kwa wakati. Zilifika Kisaki, ambako mume anafanya vibarua. Akadhani ni zile promosheni za mtandao wa simu, akazifuta. Mke alikuwa kwao, kwa ndugu wa mama yake, na kule mwenye kauli ya nani ashushwe hospitali na nani amsindikize ni mjomba.

Huyo mjomba nilimkuta nje ya wodi, mzee wa makamo, matope mpaka magotini. Nikamwamkia, nikajieleza kila kitu. Hakunigombeza, na bora angenigombeza.

"Mwalimu, mngenipigia mimi," alisema. "Simu yangu iko hewani siku zote."

Mama alipona. Mtoto alizaliwa njiti, akakaa wodini muda mrefu, naye Mungu akamsaidia.

Niliporudi darasani nilimwomba Mwanaidi radhi mbele ya wote, Brian na suti yake akiwepo. Kisha nikamuuliza, kwa nini hukunibishia na ulikuwa unajua?

"Mwalimu, ulishaandika kwa nyekundu."

Kipindi kile niliwaacha watoke mapema.

Funzo nililopata ni hili: muhula mzima nawafokea watoto wa watu kwamba hawawasikilizi watu wa mlimani, na mtu wa mlimani nilikuwa naye darasani, kiti cha nyuma.

Walimu, manesi, na nyie wa app, mwagikeni hapa chini. Mliowahi kumkata mtu aliyekuwa sahihi, anzeni nyie. Matusi pia napokea, leo ni haki yangu.