Geti Lililoinama Makusudi

Saa moja asubuhi, majirani wakiwa bado wanapiga mswaki, mashine ya Mama Cheche inanguruma. Anashusha miwani myeusi, anachomea bawaba ya mwisho, na cheche zinamwagika hadi kwenye buti zake.

Ni fundi wa mageti kwa miaka kumi na tisa. Jina hilo alipewa mtaani. Ukimwita jingine huenda asigeuke.

Mageti yake yote yalikuwa pacha: nondo wima, mikuki juu, ua moja katikati. "Nilichoka, mwanangu," anasema. "Nilitaka niache, niuze mkaa."

Mwezi uliopita aliitwa kurekebisha mlango wa ukumbi wenye maonyesho ya picha za kuchora. Alipomaliza akachungulia ndani, buti mkononi asichafue sakafu. Akakutana na picha ya nyasi ndefu, zote zimelazwa na upepo upande mmoja. Alisimama pale mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu.

"Nikasema, hizi si nyasi, hizi ni nondo zangu!"

Wakati huo alikuwa na oda ya geti la nesi mmoja mstaafu. Akalitengeneza kwa mtindo wa zile nyasi, akikunja nondo mojamoja kwa mkono. Nesi alipoliona, alishika kiuno.

"Fundi, mbona limepinda?"

"Limeinama tu, mama. Ni upepo."

"Upepo gani? Mimi nataka geti lililonyooka!"

"Kosa langu, sikumuuliza," Mama Cheche anakiri. Alimtengenezea jingine kwa chuma chake mwenyewe, na mtaji wa mwezi mzima ukaishia hapo. Iliuma sana.

Mumewe, fundi baiskeli, alimshauri alikate lile la kwanza, auze chuma chakavu. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, mke wangu."

"Basi kubali wewe na baiskeli zako," alimjibu.

Leo wanalibeba wote wawili geti hilo lililoinama, mume akiguna njia nzima, hadi kwenye nyumba yao ya vyumba viwili kando ya barabara. Wanalisimamisha kwenye nguzo mbili. Uzio hakuna, hata tofali moja.

"Geti bila ukuta?" jirani anacheka. "Mwizi si atapita pembeni?"

"Apite. Ninayemtaka mimi ni mteja, na kuanzia leo ataliona limesimama kabla hajaagiza. Wakipatikana watatu tu, mikuki sichomei tena."

Anafungua komeo, anapita katikati, kisha anageuka na kulifunga vizuri nyuma yake.