Sketi Iliyompwaya Bonge

Jamani, ukiitwa Bonge tangu darasa la pili, unazoea. Fundi cherehani huyu alizoea, akaitika, akacheka. Saratani ya damu ilimshika akiwa na miaka sita. Dawa zikamponya, zikamwachia hamu ya kula isiyojua kutosheka. Na mama yake, aliyewahi kumbembeleza kutwa nzima ameze vijiko viwili vya uji, aliapa mwanawe hatalala njaa tena. Sahani ya Bonge ikawa inapakuliwa kwanza, inashindiliwa, halafu inaongezwa.

Sasa ana miaka ishirini na minne. Kliniki, daktari alimwambia bila kupepesa macho: zile dawa za utotoni ziliuchosha moyo kidogo, usiubebeshe mzigo. Punguza wali, acha soda, tembea.

Amwambie mama? Thubutu! Kwa mama, ugonjwa ule ulianza siku mtoto aliposukuma sahani. Basi Bonge akajikaza kimyakimya. Kazini akawa anakwenda kwa miguu, soda akaipa mkono wa buriani, na nusu ya chakula akamfungia fundi mwenzake, mwembamba kama uzi, aliyekipokea kwa mikono miwili.

Mwezi wa tano, asubuhi, Bonge anapiga pasi, sketi ikamporomoka hadi magotini. Mama akaona. Sufuria ikamtoka mkononi.

"Imerudi! Mwanangu, imerudi!"

"Mama, nisikilize kwanza. Nimepunguza kula mwenyewe."

Nani asikilize? Mama alishatoka nje, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Bonge alieleza njia nzima, na mama alilia njia nzima.

Hospitali wakapima damu. Daktari akasoma karatasi, uso ukamchanua.

"Damu safi kabisa. Na kilo tisa zimeondoka! Hongera. Umewezaje?"

"Kwa kumficha mama," Bonge akasema, aibu imemjaa.

Mama hakumgombeza. Alimsogelea daktari, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mwanangu amepona?"

"Alipona zamani, mama. Miaka kumi na mitano sasa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuambia. Kila mwaka tunakuambia."

Mama akamtazama binti yake kuanzia utosini hadi miguuni, taratibu, akiwa ameishikilia ile sketi isidondoke tena.

"Leo ndiyo nimesikia," akasema, akapiga kigelegele mpaka muuguzi akaja mbio kuuliza nani amejifungua.