Radi Iliyompiga Mdogo Wangu

Radi ilimpiga mdogo wangu saa tisa mchana, kwenye malisho yetu mlimani juu ya kijiji cha Karuba, pamoja na ng'ombe wanne. Walikuwa wamejikinga mvua chini ya mikaratusi, ubavuni mwa uzio wa seng'enge. Walipomteremsha nyumbani hakuwa na jeraha la kuonekana, ila buti moja tu ilikuwa imepasuka. Nilimfunika. Sikulia. Watu walisema nimejikaza, lakini mimi sikuwa nahisi kitu chochote cha kujikazia.

Nafundisha fizikia katika sekondari. Siku tano baada ya mazishi nilirudi darasani kwa sababu sikujua pa kwenda pengine. Somo lililofuata kwenye daftari langu lilikuwa umeme tuli. Mkuu wa shule alinisimamisha mlangoni.

"Madamu, ruka ile somo. Utaifundisha nyuma, siku ingine."

"Ile njo inatangulia zingine zote," nikamjibu. Na ni kweli inatangulia.

Nilisugua kalamu ya biki kwenye nywele zangu, nikaisogeza karibu na vipande vya karatasi. Havikutikisika. Ilikuwa masika, ukungu ulikuwa unaingia kwa madirisha yasiyo na vioo, na kila kitu kikilowa unyevu, chaji inatoroka kabla hujaiona ikifanya kazi. Niliwaeleza hivyo, kisha nikaandika ubaoni. Vitu viwili vikisuguana, elektroni zinahama kutoka kimoja kwenda kingine. Kilichozipokea kinakuwa hasi, kilichozipoteza kinakuwa chanya. Chaji za aina moja zinasukumana, za aina mbili zinavutana. Hakuna chaji iliyoumbwa hapo, zimehama tu. Wanafunzi waliandika. Hakuna aliyeuliza habari ya radi. Wote walikuwa wamefika mazishini.

Juma hilohilo papa mudogo, yaani mdogo wa marehemu baba, alikuja kwetu na wanaume wawili wa ukoo. Wakakaa nami na mama sebuleni.

"Ile radi ilitumwa," papa mudogo alisema. "Na muntu mwenye aliituma tunamujua."

Alimaanisha mjane jirani yetu, mkulima. Siku si nyingi kabla ya hapo ng'ombe wetu walikuwa wameingia katika maharagwe yake, naye akamwambia mdogo wangu mbele ya watu, "Mungu atakuona." Sasa maneno hayo yalikuwa yamegeuka ushahidi. Papa mudogo alitaka mjane huyo ahame mlima kabla ya Jumapili. Asipohama, nyumba yake itachomwa.

Sikusimama kwa ujasiri. Nilisimama kwa sababu kitu kilikuwa kimesemwa vibaya, kama ninavyosimama mwanafunzi anapokosea hesabu. Nilienda jikoni, nikakausha kalamu na karatasi juu ya mfuniko wa sufuria, nikafungua kitambaa cha kichwa na kukausha nywele zangu karibu na moto. Niliporudi sebuleni nilisugua kalamu kichwani, na safari hii karatasi zikaruka kuifuata.

"Hii iko dawa gani?" mama akauliza.

"Haiko dawa, mama. Ile blanketi ya nailoni, ukiivuta wakati wa kiangazi, si inalia na kutoa cheche? Iko kitu kimoja na hii. Kule ndani ya mawingu, vipande vya barafu vinagongana. Hasi zinajaa chini ya wingu, na udongo huku chini unakusanya chanya. Hewa inazuia, inazuia, mpaka inashindwa. Pale njo radi inapita. Inapenda kitu kirefu, muti, na ikigusa seng'enge inatembea nayo mbali."

"Na juu ya nini yeye, si mwingine?" papa mudogo akasema. "Wachungaji beko wengi kwa ule mulima."

"Alikuwa karibu na muti na seng'enge."

"Nimeuliza, juu ya nini yeye?"

"Kalamu inaonyesha tu namna radi inapita, papa mudogo."

Mama alinyoosha mkono, akachukua kalamu. Aliisugua kwenye mvi zake, taratibu, akainamia karatasi. Kipande kimoja kikanasa kwenye kalamu, kikakaa kidogo, halafu kikaruka mbali.

"Imeikimbia," mama alisema.

"Imepata chaji ya kalamu. Sasa zinafanana, zinasukumana."

Mama aliweka kalamu mezani, akamgeukia papa mudogo. "Shemeji, mutoto alikuwa wangu. Hakuna muntu atachoma nyumba ya mwenzake kwa jina la mutoto wangu."

Papa mudogo aliinuka bila kuaga, na wale wawili wakamfuata.

Asubuhi mama alijaza kibuyu cha maziwa, nikamsindikiza nacho kwa mjane. Tulimkuta anafunga mizigo ili aende Kingi kwa binti yake. Mama aliketi juu ya furushi mojawapo. "Fungua," akamwambia. Mjane alimtazama, kisha akaanza kulia, na mama akalia naye, mara ya kwanza tangu kifo. Mimi nilisimama mlangoni na kibuyu cha maziwa mkononi. Nilijua kwamba hapo mtu hulia. Nilingoja. Mwishowe nikauliza maziwa niyamimine wapi.

Mjane hakuhama. Papa mudogo alienda Walikale kuuza nguo kwenye njia ya mgodi wa Bisie, na akirudi ananipita bila salamu. Siku za Jumamosi nilianza kuzunguka malisho nikiwaambia wachungaji kwamba ngurumo ikikaribia waache miti na seng'enge, washuke bondeni, wachuchumae miguu ikiwa pamoja. Wengine walinicheka. Masika yaliyofuata mchungaji mmoja alinisimamisha barabarani.

"Madamu, radi ilininyang'anya mitamba yangu mbili, pale kwa muti. Miye nilikuwa bondeni, nimechuchumaa kama ulisema."

"Ulifanya vizuri, kaka," nilimwambia.

Alitaka kuzungumza zaidi, na nilimwacha azungumze. Mikono yake iliendelea kuonyesha mti ulipokuwa na bonde lilipokuwa. Niliitazama mpaka kengele ya shule ikalia.